Vitabu vikuukuu: Gharama ihesabiwe kabla ya kamera kuwashwa

MATSANGONI, Kilifi

KITABU kikuukuu hakifi kwa siku moja. Kwanza kingo za kurasa hugeuka rangi ya chai, kisha uzi wa mgongo hulegea, na mwishowe ukurasa huvunjika mkononi mwa msomaji kama jani kavu la mkorosho. Katika ukanda unaoanzia mji wa Kilifi ukapitia Matsangoni na Gede hadi Malindi, safari hiyo huwa fupi kuliko nyanda za juu. Joto la Pwani, chumvi ya bahari na unyevu wa hewa ambao mara nyingi huzidi asilimia 70 havimpi mkutubi nafasi ya kupumua.

Kwa sababu hiyo shule, misikiti, makanisa na familia zenye makasha ya vitabu vya kale hushauriwa kuvipiga picha na kuzihifadhi kidijitali. Ushauri huo ni mwema, ila huja mara nyingi bila hesabu. Mradi uliokadiriwa vibaya hukwama katikati, na mkwamo huo waweza kuwa mbaya kuliko kutoanza kabisa: kitabu kimekwisha kufunguliwa na kupinduliwa kurasa, mshono umelegea zaidi, nazo fedha zimekwisha kabla ya picha kukamilika.

Makala haya yanaeleza namna ya kukadiria gharama hiyo hatua kwa hatua. Bei na viwango vya kazi vilivyotumiwa ni vya mfano tu, vya kuonyesha njia ya hesabu. Kila maktaba itaweka takwimu zake yenyewe.

Urithi unaozungumziwa

Pwani ya Kenya ina historia ndefu ya maandishi. Mswada wa Utendi wa Tambuka wa mwaka wa 1728, ulio miongoni mwa miswada mikongwe ya Kiswahili inayojulikana, umo Hamburg, Ujerumani, wala si Pate ulikotungwa utenzi huo. Miswada mingi iliyokusanywa Mombasa na Lamu enzi za ukoloni imo katika chuo cha SOAS jijini London. Kazi ya kuiorodhesha ilitegemea sana elimu ya marehemu Sheikh Yahya Ali Omar, mwanachuoni mzaliwa wa Mombasa.

Vitabu vilivyochapishwa navyo vina nafasi yake. Mmishenari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844 na kufungua kituo cha Rabai mwaka wa 1846, aliacha kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka wa 1882. W. E. Taylor alichapisha msamiati wa Kigiriama pamoja na mkusanyo wa methali za Kiswahili mwaka wa 1891. Baadaye yakaja magazeti, likiwemo Baraza lililoanzishwa mwaka wa 1939. Juu ya hayo kuna vitabu vya sala, daftari za ubatizo, mikataba ya mashamba na vitabu vya kiada vya miaka ya kabla ya uhuru ambavyo hakuna ajuaye nakala ngapi zimesalia.

Mfano wa karibu wa kazi iliyofanikiwa ni Lamu. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, ilipigwa picha chini ya Mpango wa Kumbukumbu Zilizo Hatarini wa British Library, katika mradi ulioongozwa na mwanahistoria wa Norway, Anne Bang. Mpango huo, ulioanza mwaka wa 2004 kwa ufadhili wa Arcadia, una kanuni moja ya msingi: nakala asili hubaki nchini mwake, na picha pekee ndizo husafiri. Kanuni hiyo yafaa kuigwa na kila mradi, mdogo kwa mkubwa.

Kwa nini karatasi huvunjika

Mkadiriaji asiyejua ugonjwa wa kitabu hawezi kujua muda kitakachochukua. Vitabu vingi vilivyochapishwa kuanzia katikati ya karne ya 19 vilitumia karatasi ya rojo la mti. Ndani yake mna asidi ambayo hukata nyuzi za karatasi polepole, na joto huharakisha kazi hiyo. Karatasi ya gazeti ndiyo dhaifu kuliko zote. Miswada ya zamani zaidi, iliyoandikwa kwenye karatasi ya matambara, mara nyingi huwa imara zaidi, ila baadhi ya wino wenye chuma hutoboa karatasi mahali pa maandishi.

Unyevu unapozidi asilimia 65 hivi kwa muda mrefu, ukungu huota. Mchwa na wadudu wengine walao karatasi na gundi humalizia. Kuna jaribio jepesi ambalo wahifadhi hulitumia: pembe ya ukurasa hukunjwa huku na huku taratibu. Ikivunjika baada ya mikunjo michache, kitabu hicho kihesabiwe kuwa dhaifu mno. Jaribio hilo huharibu kipande kidogo cha ukurasa, kwa hiyo halifai kwa mswada wa pekee. Huko, macho na vidole vya mtu mzoefu vinatosha.

Hatua ya kwanza: Kuchagua

Gharama iliyo rahisi kuliko zote ni ile isiyotumika. Kabla ya kukadiria chochote, orodha ya vitabu vyote iandikwe, kila kitabu kwa jina, mwandishi, mwaka, idadi ya kurasa na hali yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kisha kila jina litafutwe katika maktaba kubwa za mtandaoni. Kamusi ya Krapf, kwa mfano, imekwisha kuwekwa huko na yasomeka bila malipo, hivyo hakuna haja ya kutumia fedha za kijiji kuipiga picha upya. Isipokuwa nakala iliyopo iwe na jambo la pekee, kama vile maelezo yaliyoandikwa kwa mkono pembeni mwa kurasa au majina ya wanafunzi wa mwanzo wa shule. Vitabu vinavyobaki vipangwe kwa maswali mawili: ni adimu kiasi gani, na kimebakiwa na muda gani? Kilicho adimu na dhaifu ndicho cha kwanza.

Hatua ya pili: Sampuli

Kosa la kawaida ni kuchukua idadi ya kurasa na kuigawanya kwa kasi iliyoandikwa kwenye kijitabu cha mashine. Kasi hiyo ni ya karatasi mpya. Njia ya kuaminika ni kuchukua kila kitabu cha kumi katika orodha, bila kuchagua vizuri wala vibovu, na kukifanyia kazi yote kuanzia kufuta vumbi hadi kuhifadhi picha, huku saa ikiwa mezani. Wastani wa muda uliopatikana ndio msingi wa makadirio. Siku mbili tatu za sampuli zaweza kuokoa miezi ya aibu mbele ya wafadhili.

Hatua ya tatu: Saa za kazi

Chukua mfano wa rafu yenye vitabu 120, kila kimoja kikiwa na wastani wa kurasa 250. Jumla ni kurasa 30,000. Tuseme sampuli imeonyesha kwamba vitabu 20 ni dhaifu mno, 60 vina udhaifu wa kadiri na 40 ni imara.

Vilivyo dhaifu mno, kwa kasi ya kurasa 50 kwa saa, vitachukua saa 100. Vya kadiri, kwa kurasa 120 kwa saa, vitachukua saa 125. Vilivyo imara, kwa kurasa 250 kwa saa, vitachukua saa 40. Upigaji picha wote ni saa 265.

Hapo ndipo makadirio mengi hukomea, ilhali kazi imefika nusu tu. Matayarisho, yaani kufuta vumbi kwa brashi laini, kunyoosha pembe zilizokunjika na kutenganisha kurasa zilizogandana, yaweza kuchukua saa mbili kwa kila kitabu dhaifu mno, dakika 40 kwa kile cha kadiri na dakika 15 kwa kilicho imara. Jumla yake ni saa 90. Kuandika maelezo ya utambulisho, bila ambayo picha huwa kama kanzu zilizotupwa sandukuni bila mpango, kwahitaji saa moja kwa kitabu: saa 120. Kukagua picha zote, kwa kasi ya picha 600 kwa saa, ni saa 50 nyingine.

Jumla ni saa 525. Mtu aliyekadiria kurasa 250 kwa saa kwa vitabu vyote, akasahau mengine, angeandika saa 120 tu. Tofauti hiyo, ya zaidi ya mara nne, ndiyo inayoua miradi.

Juu ya saa hizo iongezwe asilimia 10 ya marudio, kwa kuwa umeme hukatika, picha hutoka na ukungu na kurasa mbili hupinduliwa pamoja. Jumla inakuwa saa 577 na nusu. Kwa watu wawili wenye saa sita za kazi halisi kwa siku, hizo ni takriban siku 48.

Hatua ya nne: Vifaa

Skana bapa ya ofisini haifai. Hukilazimisha kitabu kifunguke nyuzi 180 na kulazwa kifudifudi, jambo linalovunja mgongo. Kifaa kinachopendekezwa ni kamera iliyofungwa juu ya nguzo thabiti, na chini yake kitegemeo chenye umbo la herufi V ambacho hukiruhusu kitabu kufunguka nyuzi 90 hadi 120 pekee. Fundi seremala wa mjini aweza kukitengeneza kwa mbao na kukifunika kwa kitambaa laini. Taa ziwe mbili, zisizotoa joto, moja kila upande ili kuondoa kivuli.

Vinahitajika pia tarakilishi, kifaa cha kuhifadhi umeme wa dharura, kadi ya rangi na kipimo vya kuwekwa kando ya kitabu, na masanduku yasiyo na asidi ya kukirudishia kitabu. Hili la mwisho husahaulika. Kitabu kilichopigwa picha kisha kikarejeshwa kwenye rafu ile ile yenye mchwa kimefanyiwa nusu ya wema.

Hatua ya tano: Nafasi ya kumbukumbu

Ukurasa wa ukubwa wa A4 ukipigwa picha ya rangi kwa nukta 400 kwa kila inchi, bila kubanwa, hutoa faili ya takriban megabaiti 46. Kwa kurasa 30,000 hizo ni karibu terabaiti 1.4. Vitabu vikiwa vidogo, vya nusu ya ukubwa huo, nafasi hupungua kwa nusu.

Nakala moja haitoshi. Kanuni ya kale ya kazi hii ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyingine. Sababu ziko wazi. Moto wa Aprili 2021 katika Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town uliteketeza sehemu kubwa ya vitabu vya masomo ya Afrika. Oktoba 2023, shambulizi la kimtandao lilizima huduma nyingi za British Library yenyewe, na kwa miezi mingi wasomaji hawakuweza kuzifikia picha za miswada. Aliyekuwa na nakala yake ndani ya kabati la nyumbani hakukosa cha kusoma.

Jumla yake

Kwa mfano huo huo, tuseme saa moja ya kazi inalipwa Sh300, na bei nyingine ni kama ifuatavyo:

- Malipo ya kazi, saa 577.5: Sh173,250
- Kamera, kitegemeo, taa na tarakilishi: Sh250,000
- Diski tatu za kumbukumbu: Sh36,000
- Masanduku na karatasi za kuhifadhia: Sh40,000
- Mafunzo na usafiri: Sh50,000
- Umeme na matengenezo: Sh25,000

Jumla ni Sh574,250. Ikiongezwa akiba ya dharura ya asilimia 10, yaani Sh57,425, bajeti inafika Sh631,675. Hiyo ni kama Sh21 kwa ukurasa, au Sh5,264 kwa kitabu.

Kwa kulinganisha, Internet Archive ya Marekani kwa miaka mingi ilijulikana kwa ada ya takriban senti 10 za dola kwa ukurasa. Dola ikiwa Sh130, hizo ni Sh13. Lakini bei hiyo ni ya vitabu vinavyostahimili kasi na vilivyokwisha kufikishwa kwenye kituo. Kitabu cha Matsangoni kisichostahimili safari ya matatu hadi Mombasa hakina nafasi katika hesabu hiyo.

La kuzingatia zaidi ni rafu ya pili. Vifaa na mafunzo vikiwa vimelipiwa, rafu nyingine ya vitabu 120 yenye hali ile ile itagharimu kazi, diski, masanduku na umeme pekee: Sh274,250, na pamoja na dharura Sh301,675. Gharama kwa ukurasa inashuka hadi Sh10 hivi. Kwa hivyo si busara kila shule na kila msikiti kununua kamera yake. Seti moja ya vifaa inayozunguka kati ya Kilifi, Matsangoni, Gede na Malindi, pamoja na watu wawili waliofunzwa vyema, itaokoa vitabu vingi zaidi kwa fedha zile zile.

Gharama isiyokwisha

Karatasi iliyosahauliwa kabatini yaweza kudumu miaka 50. Diski iliyosahauliwa kabatini haina ahadi hiyo. Faili lazima zikaguliwe kila mwaka, na diski zibadilishwe kila baada ya miaka mitano hivi. Katika mfano huu, saa 24 za ukaguzi kila mwaka ni Sh7,200, yaani Sh72,000 kwa miaka 10. Diski zikibadilishwa mara moja katika muda huo ni Sh36,000 nyingine. Jumla ni Sh108,000, kama asilimia 17 ya gharama ya mwanzo. Fungu hilo liandikwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, kwa sababu ni rahisi kumpata mfadhili wa kamera kuliko mfadhili wa diski ya mwaka wa sita.

Kugeuza picha kuwa maandishi yanayotafutika ni gharama nyingine. Kwa herufi za Kirumi zilizochapishwa vyema, programu za kutambua herufi hufanya kazi kubwa. Kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa mkono kwa hati ya Kiarabu, programu za kawaida hazikuundwa kwa kazi hiyo. Huko anahitajika msomi anayeijua hati na lugha ya ushairi wa kale, na watu hao wanazidi kupungua. Kama fedha ni chache, ni afadhali alipwe yeye awasomee vijana kwa sauti na kurekodiwa akiwa hai, kuliko kununua lenzi ya bei kubwa.

Sheria na makubaliano

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, kazi ya fasihi hulindwa nchini Kenya kwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Vitabu vya akina Krapf na Taylor vimekwisha kutoka katika ulinzi huo. Vitabu vya waandishi waliofariki karibuni bado. Muda wa kutafuta ruhusa nao una gharama na uingizwe katika orodha.

Kwa mali ya familia na ya msikiti au kanisa, makubaliano yawe ya maandishi: nani ana nakala, nani aweza kuzitazama, kurasa zipi zisichapishwe. Kitabu cha dawa za kienyeji au daftari la ndoa si sawa na kitabu cha hadithi. Familia isiyoaminishwa hulifunga kasha, na hapo hakuna bajeti itakayolifungua.

Nani alipe?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaziorodhesha maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Shirika la Huduma za Maktaba za Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1965, lina uzoefu wa miongo mingi. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hadhi kamili mwaka wa 2013, kiko mjini Kilifi na kina wanafunzi. Makavazi ya Taifa yana watafiti Fort Jesus, Gede na Malindi. Jijini Nairobi, shirika la Book Bunk limeshirikiana na serikali ya kaunti kufufua Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka wa 1931, na mbili nyingine za mitaani, ikiwemo kazi ya kuhifadhi kumbukumbu zake kidijitali. Ushirikiano wa namna hiyo hauna sababu ya kushindikana Pwani.

Lakini taasisi hizo zote huuliza swali lile lile kabla ya kutoa senti: ni vitabu vingapi, vina hali gani, na vitagharimu kiasi gani? Anayekwenda mikono mitupu huambiwa arudi siku nyingine. Anayekwenda na orodha, sampuli na jumla iliyokaguliwa huketishwa.

Orodha hiyo haihitaji kamera wala mfadhili. Yahitaji daftari, kalamu, brashi laini na juma moja la uvumilivu. Masika yanapokaribia na paa la bati likianza kuvuja juu ya kabati la vitabu, hiyo ndiyo kazi isiyofaa kuahirishwa.